Mkoba Mmoja wa Kwenda Gitega

Tangu siku lori la wakimbizi lilipowashusha Muyinga, kwao Burundi, Ursula aliapa kwamba hatasafiri tena na mizigo. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na saba. Shangazi yake Klara, aliyemlea kambini huko Ngara tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, hakukubali kuacha kitu Tanzania. Alirudi na masufuria yote, nguzo nne, kuku watatu ndani ya ndoo iliyotobolewa matundu, na mlango wa kibanda chao aliokuwa ameung'oa kwa mikono yake. Watu wa mjini walisimama kando ya barabara wakiwatazama. Mwanamume mmoja akapaza sauti: "Jamani, huyu mama amehama na mlango!" Wakaangua kicheko. Klara naye akacheka, akajitwika mlango wake na kuanza kupanda kilima. Ursula alimfuata nyuma kwa mbali, kama mtu asiyemjua.

Miaka miwili baadaye, Mustafa, jirani yao wa zamani kambini, aliwaletea habari njema. Kaka yake Uthmani alikuwa fundi cherehani huko Gitega. Yeye na mkewe Kadidja walikuwa tayari kumpokea Ursula, wamfundishe kushona, ale na kulala kwao, wala hawakutaka malipo. Kipindupindu kilipoingia kambini, Klara ndiye aliyemuuguza Mustafa wakati wengine walipokuwa wanaogopa hata kupita mlangoni kwake. Ukoo wa Uthmani haukuwa umesahau.

Klara alianza kufunga mzigo siku tatu kabla ya safari. Alichambua maharage ya manjano punje kwa punje, akayajaza kwenye kapu jipya, juu yake akaweka kifurushi cha karanga na unga wa mtama. Mwisho akamkamata jogoo wake mwekundu, yule mkubwa, akamfunga miguu kwa kamba ya mgomba.

"Shangazi, si umchinje tu?" Ursula alisema. "Nitaendaje na jogoo anayewika njiani?"

"Mzee Uthmani ni Mwislamu. Tukimchinja sisi, hatamla. Mfikishie akiwa hai, amchinje kwa mkono wake. Na umwambie ni mimi nimesema hivyo."

Ursula mwenyewe alikuwa amefunga mkoba mmoja tu wa bluu. Magauni mawili aliyakunja yakawa madogo kama mikate, akaweka kanga, sabuni na mswaki, basi. Aliubeba begani akajiona mwepesi, akajiona mtu wa mjini.

Klara alimsindikiza hadi barabarani tu, maana mguu ulikuwa unamsumbua. Ursula alifika stendi ya Muyinga peke yake, kapu kichwani, mkoba begani, jogoo mkononi. Kulikuwa na wasichana wawili waliovaa vizuri wakisubiri gari. Walimtazama, wakatazamana. Huenda hawakuwa wanamcheka. Lakini masikio yake yaliwaka moto, na sauti ya yule mwanamume aliyeucheka mlango ikamrudia kana kwamba alikuwa amesimama palepale.

Pembeni kulikuwa na mama mmoja akiuza maparachichi, amekaa chini, nguo zake zimechakaa. Ursula alimwendea.

"Mama, chukua hivi vitu. Ni vyako."

"Vyangu? Vimetoka wapi, mwanangu?"

"Nimekupa tu."

Yule mama alishika kapu kwa mikono miwili, akamwombea baraka, huku jogoo akipiga mabawa. Ursula aliingia ndani ya gari na mkoba wake. Njia nzima, wakipita Karuzi, alijiambia kwamba ametoa sadaka. Alikaribia kuamini.

Gitega walimpokea vizuri. Kadidja, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alimkumbatia mlangoni, kisha akachungulia nyuma yake.

"Mizigo iko wapi? Tumtume mtu ya kubeba?"

"Ni huu tu, mama."

"Ni huu tu?" Kadidja aliupokea mkoba kwa mkono mmoja. "Bon. Karibu, mtoto yangu. Ingia, ingia."

Walimpa kitanda kizuri na cherehani ya karibu na dirisha. Lakini siku ya nne, wakiwa wanakata vitambaa, Kadidja aliuliza bila kumtazama: "Kule kwenu iko salama? Mama Klara yuko muzima? Maana mi nilisema, mtu kutoka mbali vile, hata kitu kidogo cha salamu hakutuma..."

Hapo Ursula angeweza kusema ukweli, na maji yangekuwa bado hayajamwagika yote. Lakini mdomo ulitangulia.

"Mwaka huu hatukuvuna, mama. Nyumbani wanalala na njaa. Shangazi alikosa hata cha kunipa."

Kadidja aliacha mkasi. Machozi yakamlengalenga. "Subhanallah. Na mi nawaza vibaya juu ya watu."

Tangu siku hiyo, sahani ya Ursula ilijazwa kuliko za wengine. Alikula akitazama chini. Wanawake wa mtaani walianza kumwita masikini mtoto wa Muyinga, na mmoja alimletea viatu. Kila siku iliyopita ilifanya kusema ukweli kuwe kugumu zaidi.

Mwezi wake wa pili Gitega ulipokuwa unaisha, Uthmani alitangaza kwamba anakwenda Muyinga kununua vitenge vinavyopita mpakani Kobero. "We Ursula, tutaenda wote," alisema. "Watu ya msikitini wamechanga kidogo kwa ajili ya shangazi yako."

Nje ya mlango kulikuwa na gunia la mchele, dumu la mafuta na miche ya sabuni.

"Baba, si lazima," Ursula alisema. "Shangazi hapendi kusumbua watu."

"Njaa haina kupenda na kutopenda. Beba ile dumu."

Walifika kwa Klara saa nne asubuhi. Uani palikuwa na mkeka mpana uliojaa maharage yakianikwa, na nyuma ya nyumba mahindi yalining'inia kwenye miti, mafungu kwa mafungu. Klara alitoka jikoni akifuta mikono, uso wote kicheko, akamkumbatia Ursula. Uthmani aliyatazama maharage, akadhani labda ni ya jirani. Alitua gunia, akasimama wima kama mtu aliyetumwa na wengi.

"Dada Klara, salamu kutoka Gitega. Mtoto alitueleza namna njaa imewapiga. Tulisikitika sana. Hiki ni kidogo tu, usikatae."

Klara alimgeukia Ursula. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama anayetafuta mtu anayemfahamu ndani ya watu wengi na hamwoni. Kisha akapiga goti kidogo, akanyoosha mikono yote miwili.

"Ni kweli, kaka," alisema. "Mungu awalipe."

Akamkaribisha mgeni kwenye kiti, akaingia jikoni. Ursula aliingia nyuma yake.

"Jogoo alifika?" Klara aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana."

"Na kapu?"

"Nilimpa mama mmoja stendi. Shangazi, niliona aibu kuonekana navyo."

Klara aliegemea ukuta. Chungu cha maharage kilikuwa kinachemka pale mekoni, harufu yake imejaa chumba kizima. Aliinama, akakitoa motoni, akakisukuma pembeni na kukifunika.

"Unafanya nini?"

"Mtu mwenye njaa hapiki chungu kikubwa hivi. Nitampa maji. Na wewe nyamaza. Akijua, atakurudisha, na Mustafa ataonekana aliwapelekea mwongo. Acha nionekane mimi ndiye sina kitu."

Alichota maji kwenye kikombe, akatoka. Kupitia mlango Ursula alimwona shangazi yake, mwanamke ambaye hata kambini hakuwahi kumwacha mgeni aondoke bila kutafuna kitu, akimpa maji matupu mtu anayemlisha mtoto wake. Uthmani aliyapokea, akasema bismillahi, akanywa yote, akashukuru kana kwamba amepewa karamu.

Ursula hakuweza kuendelea kutazama. Alitoka, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Baba, nilidanganya. Hapa hakuna njaa. Shangazi alinipa maharage, karanga na jogoo wa kukuletea, mzima, umchinje mwenyewe. Nikavitupa njiani kwa sababu ya aibu yangu."

"Ursula!" Klara alimaka. "Nilikuambia nini?"

Uthmani aliweka kikombe chini. Aligeuka akalitazama lile gunia.

"Alors," alisema, "huu mchele si wangu. Kuna mama mjane pale mtaani, alitoa kikombe kimoja kutoka kwa sufuria yake. Mi nitamwambia nini huyu mama?"

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Ni Klara aliyesema kwamba juu ya kilima kuna familia iliyorudi kutoka Tanzania mwezi uliopita, bado wanalala chini ya turubai. Uthmani akakubali. Ursula alipeleka mchele, mafuta na sabuni kwa safari tatu, na kila mara aliyekutana naye alimuuliza vitu hivyo vimetoka wapi, naye akajibu kwamba ni vya watu wa Gitega, walitoa kwa ajili ya wenye njaa. Aliporudi mara ya mwisho, chungu kilikuwa kimerudishwa motoni. Uthmani alikula sahani mbili za maharage. Klara alimpakulia Ursula pia, lakini hakusema naye, na walipoagana alimshika mkono tu.

Njiani kurudi, Uthmani alisema jambo moja: "Kwa Kadidja, utajieleza we mwenyewe."

Alijieleza, amesimama mlangoni mwa chumba cha cherehani. Kadidja alisikiliza hadi mwisho, sindano mdomoni. Kisha akaitoa.

"Viatu na wali, hiyo itaisha. Lakini niambie kitu. Uliona aibu ya kubeba maharage kuja kwangu. Ulidhani sisi ni watu gani? Ulidhani tutakucheka?"

Ursula hakuwa amewahi kuliwaza hilo. Alikuwa amewaza macho ya watu wa stendi, kamwe si moyo wa mwenye nyumba aliyekuwa akimsubiri.

Hawakumfukuza. Alivirudisha viatu kwa aliyempa, akasema kwa nini, na alikwenda kwa yule mjane pia, ambaye alimwitikia kwa kichwa tu na kuendelea kufagia. Alijifunza kukata, kupinda, kutia zipu. Sahani yake ikawa sawa na za wengine, akashukuru kwa hilo. Lakini Kadidja hakumuuliza tena habari za nyumbani kwa miezi minne. Siku alipomuuliza, katikati ya kazi, kama jambo dogo tu, Ursula aliacha kukanyaga cherehani, akamweleza yote: mguu wa shangazi unavyouma, mahindi yaliyoliwa na wadudu, yale yaliyopona, hadi mbuzi wa jirani aliyeingia shambani. Kadidja alisikiliza, akiendelea kupinda upindo.

"Na wewe mwenyewe," akamuuliza, "shangazi alishakusemesha?"

"Bado, mama. Ila amenitumia salamu kwa mdomo wa Mustafa."