Saa ya Tunguu

Dalal binti Talal alikuwa fundi saa Malindi ya Unguja, katika kiduka alichoachiwa na baba yake. Watu walishazoea kumwona mwanamke ameinamia meza, lenzi jichoni. Mumewe alifariki zamani, na wanawe wote wawili wakifanya kazi Muscat.

Ijumaa moja baada ya sala alipiga hodi mwanamume wa makamo, viatu vyake vina matope ya msituni. Alijitambulisha kuwa ni Hamed, anatembeza wageni Jozani, anawaonyesha kima punju. Akafungua kitambaa, akaweka saa mezani.

"Ya marehemu baba," alisema. "Alikuwa mpishi wa Wamarekani kule Tunguu, walipoweka mitambo ya kusikiliza vyombo vyao vya angani. Alikuwa akitwambia saa hii imezunguka dunia mkononi mwa mmoja wa wale waliopanda juu, kisha akapewa yeye."

Dalal aliigeuza. Uso wake ulikuwa na tarakimu mpaka ishirini na nne.

"Nyumbani hakuna aliyeweza kuisoma," Hamed aliendelea. "Sie mshale ukiwa kwenye tisa tunatazama upande wa pili, tunaona tatu, basi ni saa tatu. Hii ukitazama upande wa pili unakuta ishirini na moja!"

Dalal alicheka mpaka lenzi ikamwanguka. "Huko juu jua linachomoza na kuchwa, linachomoza na kuchwa, siku haijesha. Mtu hajui kama ni mchana au ni usiku wa kwao. Ndiyo maana wakaitengeneza hivi. Niachie, uje Ijumaa."

Ijumaa Hamed alikuja na shelisheli mbili. Dalal alimweleza kuwa utepe wa ndani, ule unaojikunja mtu anapotia ufunguo, umekatika, na anatafuta mwengine. Hamed hakuondoka. Aliketi kwenye baraza akauliza hao watu wa angani walivaa saa gani nyengine. Dalal, aliyekulia kwenye majarida ya ufundi ya baba yake, akamsimulia. Alimweleza kuwa Mrusi wa mwanzo kuzunguka dunia alivaa saa ya kutia ufunguo kama hii. Wale wawili wa mwanzo kukanyaga mwezi, mmoja aliiacha yake chomboni kwa sababu saa ya chombo ilikuwa imeharibika, mwenziwe akatoka na yake juu ya mkono wa nguo nene.

Ijumaa iliyofuata alimsimulia wale watatu walioharibikiwa na chombo njiani, wakazima karibu kila kitu ili umeme usiwaishie. Ulipofika wakati wa kuwasha injini warudi nyumbani, saa ya mkononi ndiyo iliyowapimia muda.

"Wakafika?" Hamed aliuliza, amesogea mbele.

"Wote. Wazima."

Hamed akashusha pumzi kana kwamba watu wale ni jamaa zake. Jioni ile Dalal alipofunga duka alijiona anatabasamu peke yake.

Utepe ulipatikana, saa ikatengenea. Ila Dalal alikuwa ameshasoma habari zake zote. Saa ya namna ile iliyopanda angani ilikuwa moja tu, nayo iliingia maji ya bahari aliyeivaa alipotua baharini, ikafa. Nyengine ziliuzwa madukani, na hii ya Hamed ilikuwa mojawapo. Atamwambiaje mtu kwamba maneno ya baba yake si kweli? Akaitia kwenye mtoto wa meza, akawa anaijaza ufunguo kila asubuhi. Hamed alipokuja akamwambia bado. Ijumaa ya pili yake, bado. Na kila alipotamka "bado", moyo wake ulijua kwamba si kwa ajili ya baba wa watu tu.

Ijumaa moja walikuwa wanakunywa kahawa umeme ukakatika. Feni ikazunguka polepole, ikasimama. Duka zima likawa kimya, na ndani ya meza ikasikika saa inakwenda, ti-ti-ti.

Hamed alimtazama. Dalal akafungua mtoto wa meza, akamkabidhi.

"Ishapona zamani. Nisamehe, Bwana Hamed. Haikupanda juu. Nlishindwa kukwambia."

Hamed aliiweka sikioni, akasikiliza kwa muda.

"Mie nnajua tangu mdogo," alisema taratibu. "Mama alinambia. Baba aliinunua kwa baharia mmoja hapa hapa bandarini, kwa kuwa ilimkumbusha wale Wamarekani. Alipenda tu kutusimulia, na sie tulipenda kumsikiliza."

"Sasa mbona ulinambia imezunguka dunia?"

"Siku ile nlisema kwa mazoea tu. Kisha ukacheka, na uso wako ukanipendeza. Nikawa nakuja."

Dalal alijishughulisha na vikombe vilivyokuwa tayari vimepangwa.

"Nna dada yangu, Bi Mwatum," Hamed alisema. "Nataka nimtume kwa wakubwa zako, ukiridhia."

Dalal alikipanga upya kikombe cha mwisho. Kisha akasimama, akavaa buibui lake, akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo majirani hawajapata kuliona.

"Kaka yangu Sleiman anakaa Kiponda," alisema. "Vichochoro vya kule vinachanganya. Twende nikuonyeshe mlango, umwelekeze dada yako asipotee."