Chawa wa Mwalimu Gichuki

Chawa wa vitabu hamng'ati mtu. Ni kidudu kama punje ya mchanga, chakula chake ukungu wa karatasi na majani makavu, na watu wenye akili zao humpangusa wakaendelea kusoma. Mwalimu Gichuki hakuwa na akili za namna hiyo. Baada ya kustaafu kufundisha baiolojia, alipanda miinuko ya Kapsokwony miaka tisa, akikung'uta migomba mikavu juu ya mwavuli uliopinduliwa, akapata majike arobaini na dume mmoja wa aina aliyoamini haijaandikwa popote. Na kwa chawa hawa jike hakuambii kitu. Viungo vya uzazi vya dume ndivyo vinavyotofautisha spishi moja na nyingine.

Dume huyo, kabla hata hajapimwa vizuri, Nabwile alimmwaga kwenye sinki. Nabwile alikuwa msaidizi wa Mwalimu hapo Kitale. Alidhani kichupa kina spiriti tupu, akakisuuza.

Angesema siku ileile, yangekwisha. Lakini aliogopa, na Jumapili akiwa kwao Bungoma akafungua kitabu cha nyimbo cha mama yake, akaona chawa akikimbia ukurasani. Akamnasa kwa ncha ya brashi iliyolowa. Jumatatu kichupa kilikuwa na mkaazi, na kibandiko ni kilekile.

Alhamisi Mwalimu aliinamia hadubini asubuhi nzima. Alipoinuka alikuwa amezeeka.

"Ni huyu wa kawaida tu, wa kwa nyumba," alisema. "Miaka tisa, Nabwile, nimekuwa nikijidanganya. Na nilikuwa nimemwekea jina lako. Pole, msichana wangu."

Pole! Yeye ndiye wa kupewa pole! Aibu ilimshika Nabwile. Mwalimu alikuwa tayari ameshika kalamu, awaandikie wenye jarida la sayansi, aliokuwa amewaahidi spishi mpya, kwamba alikosea.

"Mwalimu, usiandike. Huyo ni wa Bungoma. Nilimtoa kwa kitabu ya mama. Yako nilimwaga, nikidhani chupa iko tupu. Nisamehe."

Alingoja kufukuzwa. Uso wa mzee ulifunguka, akacheka.

"Kwa hivyo wa Kapsokwony yuko!" alisema. "Si basi yuko!"

Akauchukua mwavuli nyuma ya mlango, na miaka yake sabini na minne na goti lake bovu, akauliza kama atapata pikipiki ya kupanda Kapsokwony saa hizi. Nabwile aliona afadhali angempiga kofi.