Waya wa Mizunguko Mitatu

Kila mteja aliyeingia gereji alimuuliza kaka mtu swali lilelile: "Mdogo wako yupo?" Roho ilimuuma kwa kijicho. Basi mwalimu, mteja wa mdogo mtu, aliporudi na gari lenye gurudumu lililotapakaa grisi kwa ndani, kaka mtu alishangilia kimoyomoyo.

"Njoo uone kazi ya fundi wako!" aliita, gereji nzima isikie.

Alifungua gurudumu, akaifuata grisi hadi kwenye raba ya ekseli, ile inayozuia grisi isimwagike. Ilikuwa imechomoka, maana ilifungwa kwa waya badala ya klipu. Waya wenyewe ulisokotwa mara tatu, ncha ikakunjwa ndani. Gereji nzima, ni yeye kaka mtu peke yake aliyefunga hivyo; kumbe raba ile aliifunga yeye.

Mdogo wake alisogea, akauona, akaufunika kwa kiganja. "Raba imechakaa tu, mwalimu."

Kaka mtu aliona heri angemtukana.