Zizi la Mzee Makene

Msukuma anayeogopa ng'ombe, ulimsikia wapi? Pale Msangano alikuwepo, jina lake Nkwabi, na aliyemtangaza kila kilabu cha pombe ni baba yake mzazi, Mzee Makene. "Nimezaa mwanamume au nimezaa kuku?" Watu wakicheka, mzee anaongeza chumvi. Mdomo ule, Mungu anisamehe, ulistahili kushonwa.

Nkwabi akapata mchumba, Dina. Kwa desturi ya ukoo wao, ng'ombe wa mahari bwana harusi huwatoa zizini mwenyewe, wakwe wakitazama. Makene akaapa: "Ukishindwa kuingia, hatoki hata ndama. Dina ataolewa kwingine!" Na kijana akilisogelea zizi tu, kifua kinambana, jasho linamtoka, miguu inalegea.

Ndipo akaenda Vwawa kwa Gloria, mtaalamu anayetibu hofu kwa kumtuliza mtu mpaka awe kama yuko usingizini, ila anasikia na kujibu. Makene naye akajipachika safarini, kuku mweupe kwapani, akidhani wanakwenda kwa mganga. Gloria akamwambia mzee kuku abaki nje. Mzee akasonya, akamtoa, akarudi, akang'ang'ania kukaa.

Nkwabi akafumba macho. Taratibu, Gloria akamrudisha hadi siku hofu ile ilipoanza. Sauti ya kijana ikawa ya kitoto.

"Nimepoteza ndama. Baba amenifungia zizini na madume. Mvua inanyesha."

"Madume wanakufanya nini?"

"Hawanifanyi kitu, wanacheua. Baba yuko langoni na fimbo. Anasema nikitoka ataniua."

Makene akaruka. "Mwongo! Nilimfungia mara moja tu! Nani hakuadhibiwa na baba yake?"

"Mzee, akili ya mtu huweza kupamba mambo," Gloria akasema. "Mimi nilikuwa sijui kama ni kweli. Sasa umesema mwenyewe. Tafadhali, tupishe."

Mzee akatoka akitukana ukoo mzima wa Gloria, ukoo asioujua hata kidogo.

Baada ya hapo Nkwabi alikwenda Vwawa peke yake. Akajifunza kupumua, kisha kulifikiria zizi akiwa ametulia, kisha kuingia hasa, baba yake akiwa mnadani.

Siku ya mahari, wakwe wakajaa uani. Nkwabi akaingia zizini. Haya! Akamshika dume pembe, akampapasa shingo, dume akaendelea kucheua. Vigelegele! Basi Makene, kwa kupenda sifa, akakurupuka akaingia kumkumbatia. "Huyo ndiye mwanangu! Damu yangu!"

Kifua cha Nkwabi kikabana. Jasho likamtiririka, miguu ikalegea, akaing'ang'ania shingo ya dume asianguke. Vigelegele vikakatika. Wakwe wakawatazama ng'ombe, wakamtazama mzee.

"Baba," Nkwabi akasema, meno yakigongana, "toka humu. Ng'ombe nitawatoa mwenyewe."