Kampuni Imejinunua

Habari ilitoka kwenye vipaza sauti vya kiwanda wakati wa kahawa: kampuni ya sofa ya Poovey na Wanawe inanunua hisa zake yenyewe. Hakuna aliyeuliza maana yake. Kufikia jioni mji mzima ulikuwa umeshajipa jibu: kampuni inajinunua, basi ukoo wa Poovey, walioianzisha, unaichukua tena kutoka kwa matajiri wa New York walioimiliki sasa.

Verlene Sigmon aliamini kuliko wote. Kazi yake ilikuwa kufunga springi za sofa kwa kamba, kila springi ikivutwa pande nane, kwa mkono. Enzi zake, Mzee Poovey alikuwa akipita na kuzikalia sofa kabla hazijavishwa kitambaa. "Sofa yangu hailii," alizoea kusema.

"Shoga, kiwanda cha nyaya kinaajiri," Twyla wa meza ya pili alimwambia. "Ijumaa wanaacha kupokea watu. Bima ya matibabu wanayo. Mfikirie Garland."

Garland ni mumewe Verlene. Vali ya moyo wake ilikuwa imechoka, na upasuaji ulipangwa Septemba, kwa bima ya Poovey.

"Niondoke leo, wenye mali wanarudi? Nenda wewe ukavute nyaya."

"Mimi simkeshei maiti nikidhani atafufuka."

"Haya, kwaheri. Ukija kununua sofa tutakupa bei ya mgeni."

Twyla akaenda. Nyumbani, Garland aliuliza taratibu, "Una hakika, mama?"

"Mtu hujinunua ili ajiue?" Verlene akamsogezea maharage na mkate wa mahindi. "Kula."

Bei ya hisa ikapanda. Whitener, meneja kijana, akawaletea wote mikate ya soseji. Verlene alikula miwili, ilhali macho yake yaliona ghala limejaa sofa zisizotoka, na siku za Ijumaa hawakuitwa tena kazini. Alijiambia wenyewe wakifika watarekebisha.

Agosti waliitwa wote mbele ya ghala. Whitener alisema hisa zimefanya vizuri sana, mauzo hayakufanya vizuri, na kiwanda kinafungwa.

"Bwana mdogo," Verlene aliita, "akina Poovey wanasemaje?"

"Akina Poovey gani, Bi Verlene?"

"Si ndio walioinunua kampuni!"

Whitener alimtazama kama anayetafuta mahali pa kuanzia. "Hakuna aliyeinunua. Kampuni ilichukua fedha zake ikanunua hisa kwa wenye nazo, ikazifuta. Zikibaki chache, kila moja hupanda. Akina Poovey walikuwa wa kwanza kuuza."

Mtu mmoja nyuma akacheka.

"Na bima?"

"Mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo ukitaka kuendelea nayo, unailipia yote mwenyewe."

Verlene alitoka na aproni yake mwilini, akaenda mpaka kiwanda cha nyaya. Mlinzi hakumfungulia hata geti. Nafasi zimejaa, mama. Jaribu mwakani.

Garland alikuwa ameketi kwenye sofa ya Poovey, ile aliyoifunga Verlene kwa mikono yake mwenyewe.

"Wamekuchukua?"

Verlene akatikisa kichwa kukataa. Garland akasogea kumpisha, naye akaketi. Sofa haikulia. Ilikaa kimya kabisa, naye akasikia vizuri jinsi kifua cha mumewe kilivyokuwa kikitafuta pumzi.