Ziara ya Kurudisha Kila Kitu Kwao

Usiku wa jana niliota darsa letu la akina mama limekwenda Tanga mjini, ziara ya mafunzo, kujifunza jinsi mji ule ulivyochanganya watu na desturi zao. Ndoto mbaya haisimuliwi, tumefundishwa hivyo. Unatema mate kushoto mara tatu, unageuza ubavu, yamekwisha. Hii nimeshindwa kujua kama ni mbaya au njema, kwa hiyo naiandika, asomaye aamue.

Tulishuka kwenye basi mbele ya nyumba moja kuukuu yenye mlango wa nakshi. Tulikuwa wanawake kumi na wanne kutoka Muheza, wote na mabaibui yetu, na kila mmoja amebeba kikapu cha chakula kana kwamba Tanga watu hawali. Mwenye kututembeza alikuwa anatungoja kizingitini. Mwanamume mrefu, suruali imepigwa pasi mpaka ina makali, na mkononi ana karatasi inayomfika magotini.

Mimi tangu nifiwe nimezoea kuangalia mikono ya mtu kabla ya uso wake. Viganja vya yule bwana havikuwa na mistari. Vitupu, kama sahani.

"Karibuni, mama zangu," akasema. "Mimi ni Mpambanuzi. Leo tutajua kila kitu kilikotoka, na kila kitu kitarudi kwao."

"Kitarudi vipi?" nikauliza.

"Maswali mwisho, mama."

Nikajisogeza, nikachungulia karatasi yake kwa pembe ya jicho. Macho yangu yamechoka, lakini darasa la saba nilimaliza, na jina la mume wangu nalijua hata likiandikwa kwa makaa. Lilikuwa mstari wa mwisho kabisa: *Mrisho Kazwika, marehemu, kaburi la Muheza. Arudi Tabora.*

Mume wangu, Baba Hidaya, ana miaka sita kaburini. Kaburi lake liko nyuma ya msikiti wetu, nalipalilia kwa mikono yangu, na pembeni yake nimeweka nafasi yangu mimi. Nikakaza mkono kwenye kikapu. Moyoni nikasema, huyu hakuja kufundisha. Huyu amekuja kuchukua.

Anaanza na mlango. Anaugonga kwa kalamu.

"Nakshi hizi asili yake Bara Hindi," anasema.

Nakshi zinajibandua, ua kwa ua, jani kwa jani, zinajipanga mstari na kuelekea stesheni.

"Mbao ni za Usambara."

Mbao zinatoka zikikohoa vumbi. Misumari nayo inaitwa, inaondoka bila kuaga. Inabaki bawaba moja, inaning'inia hewani.

"Na mimi?" bawaba inauliza.

Mpambanuzi anapekua karatasi. "Wewe ulifuliwa hapa hapa mjini. Baki."

"Nibaki nifungue nini?"

"Hilo si somo la leo."

Wenzangu wakapiga makofi. Walikuwa wameambiwa kwenye basi kwamba mgeni mwenye adabu hupiga makofi. Mimi nilishika kikapu kwa mikono miwili ili nisiwe na mkono wa kupigia.

Mara tukawa Ngamiani, na hakuna aliyepiga hatua. Barabara za Ngamiani zina namba, kwa hiyo mtu hapotei. Lakini siku hiyo zilikuwa zimevunja foleni. Ya tatu ilikaa baada ya kumi na saba, ya tisa ilikuwa inamwomba radhi ya kwanza. Pembeni mama mmoja anauza pilau, na sufuria lake likanikazia macho.

"Mama," likaninong'oneza, "mwambie asinikaribie. Nina moto."

Alikwisha karibia. Akataja mchele, mchele ukatoka punje punje kama watoto wa chuo wakiruhusiwa. Akataja mdalasini, hiliki na karafuu, vikaondoka vimeshikana mikono vikilia. Akataja nyama, kwamba ni ya mbuzi wa Handeni. Mbuzi akasimama mzima, akajikung'uta vitunguu, akaenda zake. Ukabaki moshi.

"Kwenu wapi?" Mpambanuzi akauliza moshi.

Moshi ukapaa juu ya mabati. Akaandika: *utafuatiliwa.*

"Sasa mimi nitauza nini, mwanangu?" yule mama akauliza.

"Asili," akamjibu.

Nikamvuta kando Bi Kidawa, jirani yangu, ambaye kwenye darsa hukaa nyuma ili apate kusema.

"Kidawa, mtu huyu simwamini."

"Wewe Mwanahawa hata mwadhini humwamini. Akiadhini unatoka nje kutazama jua."

"Sikiliza. Akikuuliza kwenu, sema Muheza. Usiongeze neno."

"Muheza! Mimi nina nasaba, mwanamke wee, si kama nyie mliookotwa chini ya michungwa."

Mpambanuzi alikuwa amekwisha simama nyuma yetu. Sikusikia viatu vyake.

"Mama, kwenu wapi?" akamuuliza.

Kidawa akanyoosha shingo. "Baba wa baba yangu Mngazija. Mama yake Mdigo. Kwa mama yangu kuna damu ya Waarabu wa Shihiri, pua hii unaiona? Na nilinyonyeshwa na Mmanyema, ndiyo maana nacheka hivi."

Akacheka. Kicheko kikamtoka, kikavuka barabara, kikashika njia ya Ujiji. Miguu ikaondoka upande wake, mikono upande wake, pua ikapita mbele yangu na sikuisalimia kwa mshangao. Kilichobaki ni mdomo, umekaa juu ya kikapu.

"Kumbe huu ndio wa Muheza," mdomo ukasema. "Ningejua."

Nikauchukua, nikaufunga kwenye pindo la kanga yangu usije ukakanyagwa.

"Na wewe, mama?" Mpambanuzi ananiuliza.

"Mimi wa hapa."

"Hapa wapi?"

"Niliposimama."

Ananitazama. Haandiki kitu. "Basi tutaonana mstari wa mwisho," anasema, na anatabasamu bila kutumia meno.

Nikasoma Ayatul Kursi. Ilikuja yote, haikutoka hata herufi moja kwenda kwingine. Nikapata nguvu kidogo. Nilipofumbua macho tulikuwa stesheni.

Mji mzima ulikuwa kwenye foleni. Nakshi, mchele, miguu ya Kidawa, baraza za watu zimejibeba zenyewe. Treni ilikuwa inahema na kusema, "Waja leo, waondoka leo. Waja leo, waondoka leo." Msemo huo wa Tanga nimeusikia tangu utoto, nikidhani ni maneno ya kanga. Treni ilikuwa haitanii.

Mwisho wa foleni nikamwona Baba Hidaya. Yuko ndani ya sanda yake, pamba puani, na begani amebeba kitu kimekunjwa kama mkeka.

"Baba Hidaya! Umebeba nini?"

"Kaburi," akajibu. Alikuwa anaongea puani kwa ajili ya pamba. "Nimeambiwa nisiache kitu nyuma."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Mama Hidaya, mimi nimekufa. Maiti akiambiwa nyanyuka, ananyanyuka."

"Na nafasi yangu pale pembeni?"

Akatazama lile kunjo begani, akaona haya. "Imo humu. Ilikuwa imeshikana na yangu, nikashindwa kuitoa."

Miaka sita nazeeka taratibu nikijua ninakokwenda kulala, na sasa mahali penyewe pamekunjwa, panapakiwa kwenye behewa.

Mpambanuzi akafika na karatasi. "Mnyamwezi, Tabora. Mzigua, abaki. Huo ndio mstari wa mwisho, na mji utakuwa safi."

Mtu huyo hakukosea jambo. Mume wangu ni Mnyamwezi wa Tabora, babu yake aliletwa kukata mkonge. Mimi ni Mzigua. Ila aliposema "Mzigua" na "Mnyamwezi" kwa pumzi moja, nikaona alichokisahau.

Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Tangu enzi za mababu, Wanyamwezi wakipita kwetu na mizigo kichwani kwenda pwani, tulitukanana nao, tukalishana, tukazikana. Na kwenye mazishi mtani ana haki yake. Huingia kaburini akalala, akasema upuuzi wake, na hatoki mpaka apewe kitu. Hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Siku tuliyomzika Baba Hidaya hakuna aliyelala kaburini. Mtani wake wa karibu kuliko wote nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa chumbani nimeanza eda, natazama ukuta.

Nikamnyang'anya lile kaburi. Nikalikunjua pale pale stesheni. Likatandazika, likawa shimo, udongo mwekundu, na mwanandani wake, ile nafasi ya kulaza maiti, kama ulivyochimbwa. Nikavua ndara, nikashuka, nikalala.

"Mama, toka," Mpambanuzi anasema.

"Sitoki. Mimi ni mtani."

"Treni inaondoka."

"Iende salama."

"Hatoki huyo!" mdomo wa Kidawa ukapiga kelele kutoka kwenye pindo. "Namjua mimi! Aliwahi kugoma kushuka kwenye gari la harusi!"

Mpambanuzi akaanza kupekua karatasi. Kwa mara ya kwanza niliona mikono yake ikitafuta kitu. "Utani," akasema. "Utani huu umetoka wapi? Nautuma kwao, kisha wewe unatoka."

"Njiani," nikamwambia.

"Njia ipi?"

"Ya Tabora kuja pwani. Nusu walikuja nayo wao, nusu tuliwapa sisi, zikakutana jua la saa sita."

"Basi nauandikia Tabora."

"Andika. Utani ukifika Tabora peke yake utamtukana nani?"

Akafuta. "Uziguani, basi."

"Huko nako utamtukana nani?"

Akafuta tena, karatasi ikatoboka. Akaigeukia treni. "Wewe unafika njiani?"

Treni ikaacha kuhema, ikafikiri. "Niko njiani siku zote," ikasema. "Lakini huko sina kituo."

Foleni nzima ikageuka kututazama. Hata mbuzi aliacha kutafuna. Hapo nikasikia kitu ambacho sijakisikia kwa miaka sita, Baba Hidaya anacheka, pamba moja ikamruka puani.

"Wazigua bwana!" akasema. "Afe mwingine, walale wao!"

"Nyamaza, mpagazi. Kichwa bapa kwa mizigo ya watu."

"Toka kaburini kwangu, mwanamke mvivu."

"Nipe haki yangu kwanza."

"Sanda haina mfuko, Mzigua."

"Tafuta."

Akajipapasa, akipindua sanda kwa heshima, maana tulikuwa mbele za watu. Kwenye kunjo la kifuani akatoa gao la matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa juani. Mama yake alikuwa akituletea mfuko mzima kila alipotoka kuwatembelea ndugu zake Tabora.

"Haya. Chukua utoke, miguu inaniuma kusimama."

Nikatia moja mdomoni. Gumu kama ngozi ya kiatu, na utamu wake unachelewa.

"Yamekaa haya," nikamwambia.

"Na wewe kaa miaka sita udongoni, tukuone."

Nikatoka, nikajikung'uta. Yeye akashuka mahali nilipolala, akajilaza kwa ubavu wa kulia, uso kibla, kama mtu aliyerudi kazini.

"Nafasi yako iko palepale," akasema. "Ila usije kwa haraka. Nimezoea kunyoosha miguu."

Akajivutia udongo kama shuka. Kaburi likazama taratibu kwenye sakafu ya stesheni, na nikajua, sijui nilijuaje, kwamba limefika Muheza. Treni ikaondoka na behewa lake la mwisho tupu. Mpambanuzi alikuwa bado amesimama na karatasi yenye tundu. Akanitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayeweka sura akilini kwa ajili ya siku nyingine. Nami nikamtazama vivyo hivyo.

Nikaamka adhana ya alfajiri inamalizia.

Nilikaa kitandani kidogo, nikasikiliza nyumba. Kisha nikatoka uani kwenye ndoo, nikaanza kutawadha. Nikaosha viganja, nikatia maji kinywani kusukutua, na ulimi ukagusa kitu kimenasa kwenye gego la kushoto. Nikakichokoa kwa kucha.

Jana usiku nilikula ugali na mboga ya mchunga, basi. Muheza matobolwa hayauzwi, na tangu mama mkwe afariki hakuna wa kutuletea. Lakini kiganjani kwangu palikuwa na ukamba wa kiazi kikavu, mwekundu kidogo, una alama ya jino.

Nikatazama mlango wa uani. Nikatazama juu ya ukuta. Hakukuwa na mtu.

Nikakirudisha kinywani, nikakitafuna polepole mpaka ule utamu ukaja. Ndipo nikachota maji, nikaanza kusukutua upya.