Imelda Hashuki

Angekuta mwanamke ndani ya lile gari, Imelda angejua la kufanya. Kwa miaka thelathini na mmoja ya kuolewa na dereva alikuwa amejiandaa kwa hilo. Maneno alishayapanga, hata kanga ya kujifunga kiunoni siku hiyo ikifika aliijua ni ipi. Alichokikuta ni jiko.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, nyumbani kwao Igamba, na mumewe Andongwisye alikuwa barazani na kikombe cha chai, miguu ameinyoosha. Wiki mbili kabla alikuwa amerudi kutoka safari aliyosema ndiyo ya mwisho, akaliegesha lori lake la Fuso chini ya mparachichi na kutangaza kwamba barabara sasa basi. Mnunuzi angekuja kutoka Tunduma Jumamosi kulichukua.

"Mama Brenda," alisema, "hebu nisafishie mle ndani kidogo. Mtu asije akakuta vumbi."

Imelda akachukua ndoo na tambara, akapanda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia humo. Andongwisye alikuwa na msemo wake, kwamba dereva akimpandisha mkewe kwenye gari la kazi, mzigo haufiki salama. Na Imelda, kwa kuheshimu kazi ya mwenzake, hakuwahi kuomba hata lifti ya kwenda Vwawa.

Nyuma ya viti kulikuwa na kitanda. Godoro lake lilikuwa nene kuliko la chumbani kwake, na shuka zilikuwa za maua. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la mbao alilotengeneza fundi kwa vipimo, na ndani yake mtungi mdogo wa gesi, sufuria mbili, kikaango, kibao cha kukatia vitunguu na visu viwili vilivyonolewa. Kulikuwa na vikopo vya iliki, mdalasini, binzari na pilipili manga, kila kimoja kimeandikwa jina kwa mwandiko wa Andongwisye. Kulikuwa na mchele wa Kamsamba. Na kulikuwa na kichupa cha kitunguu saumu kilichotwangwa, juu kimemwagiwa mafuta kisiharibike.

Ni yale mafuta yaliyomkalisha Imelda kitandani. Mtu anayejua kwamba kitunguu saumu kilichotwangwa hufunikwa kwa mafuta hakujifunza kupika jana. Na mtu huyuhuyu, akiwa nyumbani, huita kutoka chumbani aletewe maji ya kunywa. Mwaka ambao Imelda aliugua taifodi, Andongwisye akiwa hapohapo nyumbani, alituma mtu aende kijiji cha pili kumwita shemeji yake aje kumkorogea mgonjwa uji. Kijiko hakukishika.

Imelda hakupiga kelele. Alijilaza chali kulijaribu lile godoro, akaliona zuri, na kuliona zuri kukamuongezea hasira. Kisha akainuka, akatazama kupitia kioo cha mbele. Aliiona nyumba yake kutoka juu, bati, mlango, ufagio aliouegemeza ukutani, na mwanamume barazani anayesubiri chakula. Akajiuliza amekuwa mke wa nyumba ile au mlinzi wake.

Saa saba mchana njaa ilimbana mzee. "Mama Brenda, kuna chakula?"

"Kipo," alijibiwa kutoka dirishani kwa gari. "Unga uko ndani, maharage yako ndani, na mpishi yuko hapo barazani."

Siku ile hakushuka ila kwa haja na kuoga. Jumanne alihamishia nguo zake garini, Jumatano Biblia na miwani. Andongwisye alipika ugali wake kimyakimya akiwa amefunga mlango, majirani wasimwone. Binti yao Brenda, aliyeolewa Mbeya, alipigiwa simu awe mwamuzi. Akasikiliza pande zote mbili, kisha akacheka mpaka salio likaisha.

Kijiji nacho kikapata la kusema. Wapo waliosema mama wa watu amechanganyikiwa. Wengine walisema ameiga mambo ya Zambia, ingawa Zambia hajawahi kukanyaga. Tunduma yenyewe alikuwa ameifika mara nne tu maishani. Aliona ule msururu wa malori, akaona watu wakivuka kwenda ng'ambo kama wanaokwenda sokoni, kisha akarudi kupalilia.

Alichokitaka hakikuwa na mafumbo. Gari lisiuzwe, na yeye aishi humo moja kwa moja, si kwa wiki wala kwa msimu. Afuate mavuno, mahindi ya huku Mbozi, mpunga wa Kamsamba, na chochote ambacho watu wa Chitete watakuwa nacho cha kupakia. Apike pale atakapolala. Leseni alikuwa nayo. Kikundi chao cha akina mama wa kahawa kilipopata lori, miaka mitatu nyuma, wenzake wote waliogopa kwenda kujifunza udereva, akaenda yeye. Tangu hapo kahawa ya kikundi ilikuwa ikifika ghalani kwa mikono yake. Andongwisye aliiita "leseni ya kutundika ukutani".

Na hofu alikuwa nayo, tusimpambe. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na magoti yalilalamika kila alipopanda. Alijua pia kwamba mwanamke anayelala garini atapewa majina. Hayo yote aliyapima akaona anayaweza. Lilikuwapo moja ambalo hakulipima, na aliomba mtu yeyote asije kulitaja.

Alhamisi Eliakim alilitaja. Eliakim ndiye kaka mkubwa wa Andongwisye, mzee wa kanisa, na hakuna kikao cha ukoo kilichowahi kufungwa bila neno lake. Alisimama chini ya dirisha la Fuso, kofia mkononi, shingo ameipinda kutazama juu.

"Shemeji, nyumba ni heshima," alianza. "Mtu asiye na mlango, msiba wake unakaa wapi? Ukifia huko Kamsamba, sisi tuje tukalie matairi?"

"Siku hiyo mimi nitakuwa nimelala, shemeji. Viti mtatafuta wenyewe."

"Watu watasema umeachika."

"Waseme. Midomo ni mali yao."

Eliakim aliivaa kofia, akaivua tena. "Haya. Na Yesaya je? Yesaya unamwacha na nani?"

Imelda alifunga kioo.

Yesaya alikuwa mtoto wao wa kwanza. Alifariki kwa malaria akiwa na miaka sita, miaka ishirini na mitatu iliyopita, na amelala shambani nyuma ya nyumba, katikati ya mibuni. Siku hizo Andongwisye alikuwa akiendesha malori ya watu, na habari ilimkuta kwenye foleni ya kuingia Kongo. Alifika siku ya tisa, matanga yameshaanuliwa. Alionyeshwa kaburi jioni ile, akasimama mbele yake akiwa na viatu vya safari, na keshokutwa yake akapata mzigo. Akapata mizigo mingi tangu hapo. Imelda ndiye aliyebaki. Kila Jumamosi alipalilia pale, masika na kiangazi. Na watu walipoacha kumwita Mama Yesaya na kuanza kumwita Mama Brenda, aliitikia jina jipya kama amezoea, lakini hakuwahi kulizoea.

Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alitaka kushuka. Aliona aibu. Aliona amekuwa mama wa kutoroka mwanawe kwa sababu ya godoro na vikopo vya viungo.

Ijumaa asubuhi alishuka kweli. Alichukua jembe, akapita nyuma ya nyumba mpaka kwenye kaburi, akapalilia ingawa magugu yalikuwa machache. Kisha akakaa chini, akalia. Alilia sana, na katikati ya kulia hasira ikamrudia, safari hii akiwa anajua ilikotoka. Haikuwa hasira ya chakula. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa amekaa na mtoto huyu peke yake, utadhani alimzaa peke yake. Na sasa hata wa kumuuliza atamwacha na nani walikuwa wakimuuliza yeye, baba wa mtoto yuko barazani anakunywa chai.

Alijifuta uso kwa kanga, akarudisha jembe, akapanda garini.

Jumamosi saa nne mnunuzi alifika. Aliitwa Lusajo, mfanyabiashara kijana wa Tunduma aliyezoea kuuziana na Wazambia hata salamu zake zilikuwa zimechanganyika na lugha yao. Alilizunguka Fuso, akagonga matairi kwa kiatu, akachungulia chini. Alipofungua mlango akakutana na Imelda ameketi kitandani, miwani puani, anasoma Zaburi.

"Shikamoo, bamayo."

"Marahaba, baba. Karibu. Vua viatu kama unaingia."

Lusajo aliurudisha mlango taratibu, akamgeukia Andongwisye. "Mzee, kwenye simu ulisema gari halina tatizo."

"Halina."

"Mimi naona lina mama ndani."

"Huyo atashuka."

"Sishuki," sauti ilitoka dirishani.

Lusajo alikuna kidevu. Biashara alikuwa anaitaka, lakini naye alikuwa amelelewa. "Mzee wangu, gari bovu nanunua, natengeneza. Gari lenye kesi ya nyumbani silichukui, hilo hata fundi hana. Mkishaelewana mnipigie." Akaondoka.

Andongwisye alisimama pale uani. "Umeniaibisha mbele ya mgeni."

"Gari hili tulilinunua kwa fedha za nini?" Imelda aliuliza.

"Za kahawa."

"Aliyeipalilia nani?"

Andongwisye alikwenda akaegemea mlango wa gari, mkono juu ya bati ambalo alilijua kuliko alivyoijua nyumba yake, na aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Unadhani kule ni raha? Nilijifunza kupika kwa sababu hapakuwa na mtu. Unapika peke yako, unakula peke yako, unaosha sufuria peke yako. Nikirudi hapa nilitaka niletewe, ndipo nijue nimefika. Nimeichoka barabara, Imelda."

Jina lake hakuwa amelisikia kinywani mwa mumewe kwa miaka. Alimhurumia, na hakuificha huruma hiyo.

"Nakuamini," alisema. "Basi pumzika. Hakuna anayekufukuza. Mimi nimeichoka nyumba."

"Na nyumba itabaki na nani?"

"Na wewe. Wewe ndiye mwenye hamu nayo."

Andongwisye akasema, kwa shida, "Na Yesaya?"

"Yesaya ana baba," alisema Imelda. "Mimi nimekaa naye miaka ishirini na mitatu. Sasa zamu yako."

Kuku walipita miguuni pa Andongwisye. Aliwatazama mpaka wakapotelea chini ya gari. Hatimaye akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akaunyoosha juu mpaka dirishani.

"Klachi yake ngumu," alisema. "Usiikanyage nusunusu. Na ukiteremka kwenda Kamsamba usiegemee breki, itachemka. Shuka na gia."

"Nimesikia."

"Utarudi lini?"

Imelda alikuwa ameshahamia kwenye kiti cha dereva. "Sirudi, Baba Yesaya. Nitakuwa nakuja kuwasalimia."

Gari lilikataa mara ya kwanza, mara ya pili likanguruma. Alilitoa chini ya mparachichi polepole, akakata kona, akatoka uani bila kugusa ua. Njia ya kutoka pale kwao inapita kando ya shamba la kahawa, na kwenye kioo cha pembeni alimwona mumewe. Hakuwa amerudi barazani. Alikuwa ameizunguka nyumba, anatembea kuelekea kwenye mibuni, na alipofika ukingoni mwa shamba akasimama. Aliangalia mstari wa kwanza, akasogea, akaangalia wa pili, akarudi kwenye ule wa kwanza.

Hakujua ni wapi.

Imelda alikanyaga breki. Alipiga honi, Andongwisye akageuka, naye akatoa mkono dirishani na kumwonyesha kwa vidole, mstari wa tano, moja kwa moja mpaka katikati. Alingoja mpaka alipomwona ameinama kupita chini ya matawi. Kisha akakanyaga klachi yote, akaingiza gia, akashika njia ya Kamsamba.